Fenda na bampa zisizo orijino: valisha kwanza, rangi baadae

Haya, wale ambao gari imegongwa kona, fundi kaitazama kakwambia fenda hii (lile bati la pembeni juu ya tairi la mbele) hainyooshiki katafute nyingine, hii ni yenu. Naandika kutoka Tanga, kazi zangu nafanyia uani kwetu Makorora chini ya banda la mabati, na mfano wangu leo ni IST silva ya shemeji yangu ambaye bodaboda alimuingilia kona ya kushoto Ngamiani barabara ya 12, fenda ikajikunja mpaka mlango ukawa haufunguki na bampa ikapasuka vipande vitatu, taa alhamdulillah ilipona, sikio moja tu ndo lilikatika.

Neno langu kubwa ni moja, usipige rangi kitu ambacho hujakivalisha kwenye gari kikakaa. Naliweka mwanzo kabisa maana najua wengine mkishaona msasa na bunduki ya rangi mnaruka moja kwa moja huko. Mi mwenyewe nlishajifunza kwa machungu, bampa ya Spacio, nikaipiga rangi ikang'aa unajiona meno, nafika kuivalisha kona ya kulia imetokeza nje kidole kizima, nikasema ah plastiki hii itakubali tu, nikasukuma kwa goti, rangi ikapasuka nyufa kama kyoo kilichodondoka. Nikakwangua yote nikaanza upya kwa thina yangu na usiku wangu.

Sasa kununua. Kuna za aina tatu sokoni. Kuna mtumba orijino, yani imefunguliwa kwenye gari nyingine kama yako, kuna mpya isiyo orijino ya Taiwan au China, na kuna faiba, hizi bodi kiti za vijana wanaotaka gari ikae chini. Ushauri wangu, ukipata mtumba orijino isiyo na kutu hata kama ina mikwaruzo chukua hiyo, bati lake zito na matundu yake yako pale pale yanapotakiwa kuwa. Mpya isiyo orijino sio mbaya, ila bati lake mara nyingi jepesi na matundu yanakua yamehama milimita 2 au 3, na hizo milimita 2 ndo zitakazokula siku yako nzima. Faiba mi sizipendi kwa barabara zetu, ukigusa tuta inachanika, lakini kama moyo umependa basi ianike juani siku kadhaa kabla ya kuigusa, faiba mbichi ikipigwa rangi inaendelea kujikausha ndani kwa ndani na rangi inachora mistari ya nyuzi zake.

Ukiagiza Dar usimwambie tu muuzaji "nataka bampa ya IST". IST ya kwanza imetoka 2002 mpaka 2007 na apo katikati, 2005, waliibadilisha sura, kwaiyo mtajie namba ya chesisi inavyoanza, NCP60 au NCP61 au NCP65, na umtumie picha ya gari lako. Alafu mzigo ukifika stendi ya Kange usiondoke kabla ya kuufungua, bampa inasafiri imekunjwa kwenye buti ya basi chini ya magunia ya watu, ukiikuta imepinda usipaniki, nyingi ni plastiki ya PP, geuza nyuma utaona herufi zimechapwa >PP<, unaimwagia maji ya moto palipopinda huku unairudisha taratibu kwa mikono umevaa glavu nene, ikirudi unaimwagia maji baridi ikae hivyohivyo. Iliyopasuka ndo rudisha.

Kufungua ya zamani. Usiku wa kabla, pulizia dawa ya kutu au hata oili nyepesi kwenye bolti zote, hapa kwetu chumvi ya bahari inazishika bolti kama zimechomelewa na ukilazimisha asubuhi zinakatika kichwa. IST kama Toyota nyingi unatumia spana namba 10 karibu kila mahali. Unaanza na bampa, alafu taa, alafu ile plastiki nyeusi ya ndani ya tairi inayoshikwa na klipsi (klipsi nusu zitavunjika, nunua pakiti kabisa usijiulize), ndo unaifikia fenda. Bolti zake zipo juu zimejipanga pembeni ya boneti, moja au mbili mbele karibu na taa, moja chini kabisa nyuma ya tairi, na kuna moja ambayo watu wanaisahau alafu wanavuta fenda mpaka wanapinda na bodi, hiyo unaiona ukifungua mlango wa mbele ukachungulia kwenye uwazi wa upande wa bawaba. Kila bolti weka kwenye kikopo na uandike imetoka wapi, zinafanana ila hazilingani urefu.

Shemeji alipita mchana wake, akaona fenda mpya imeegeshwa ukutani bado nyeusi. "Shem, si uipake tu ukaifunge, Ijumaa nna safari ya Lushoto." Nikamwambia "Shem, Ijumaa utaenda na basi, gari hii ntakupa siku itakapokaa." Akanuna, akaenda zake. Ndo ilivyo, mwenye gari ana haraka na wewe ndo utalaumiwa, kwaiyo sema siku za ukweli tokea mwanzo.

Kuvalisha sasa, hapa nitakaa kidogo. Weka fenda mahali pake, funga bolti zote kwa vidole tu, hakuna spana. Kabla ya kufunga mlango, shika ukingo wake na mkono uusogeze polepole kwasababu fenda ikiwa imerudi nyuma sana mlango utaichapa na utachuna mlango ambao haukua na shida. Ukishaona unapita, funga mlango, shusha boneti taratibu, weka taa na bampa zikae tu bila kufungwa, alafu rudi nyuma hatua tatu utazame.

Unachotazama ni uwazi, ule mstari wa kati ya fenda na mlango, na kati ya fenda na boneti. Usiende kwa namba za vitabu, pima upande wa pili wa gari ambao haujagongwa ndo uwe mwalimu wako. Mi natumia kadi za benki zilizoisha muda, kadi moja haifiki milimita 1 unene, ukizipanga tano unapata karibu milimita 4, kwenye ile IST upande wa kulia kadi tano zilikua zinaingia kwa kubana kuanzia juu mpaka chini, upande mpya zikaingia tano juu na chini zikaingia saba zinacheza. Maana yake fenda imelalia mbele kwa chini. Nikalegeza ile bolti ya chini nyuma ya tairi, nikasukuma, bado, tundu limeisha. Ukifika hapo unachukua tupa ya duara unapanua tundu kuelekea upande unaoutaka, milimita 2 tu, usichukue drili maana drili haina adabu. Kama fenda imezama ndani kuliko mlango, yani ukipitisha kiganja kutoka mlangoni kwenda mbele unahisi kashimo, weka wosha (kile kipete cha bati kinachovaliwa na bolti) nyuma ya bati pale kwenye bolti iinuke. Kiganja kinajua kuliko jicho, fumba macho upitishe.

Anza kukaza upande wa mlango, alafu juu kwenye boneti, mwisho mbele kwenye taa na bampa, kwasababu mlango na boneti ndo havihami kirahisi, bampa ni mgeni inafata wenyeji. Baada ya kila bolti funga mlango tena na boneti tena. Ilinichukua toka asubuhi mpaka adhuhuri inaadhiniwa. Ikikaa, chukua kalamu ya maka au msumari uchore kuzunguka kila bolti na wosha yake, ndo ufungue. Ukirudi na fenda yenye rangi unaifata ile alama, hubahatishi tena.

Na bampa ndo hivyohivyo, kama haikubali kona angalia kwanza kile kibano cha plastiki cha pembeni chini ya taa, mara nyingi ndo kimepinda kwenye ajali wala sio bampa yenyewe, watu wanakata bampa bure.

Namba ya rangi iko kwenye bamba chini ya boneti, ukutani kwa nyuma ya injini, tafuta palipoandikwa C/TR. Mfano 040 ni nyeupe ya kawaida, 202 nyeusi, 1F7 silva, 070 ni nyeupe ya lulu na hiyo ya lulu inapigwa tabaka tatu, kama ndo unajifunza mpe fundi mzoefu. Peleka namba duka linalochanganya, ila kumbuka gari imekaa juani miaka, rangi yake sio ile ya kiwandani tena, kwaiyo piga kwanza kwenye kipande cha bati, weka na klia juu (ile ya mwisho inayoonyesha, ya kuleta mng'ao), kikikauka kiweke kwenye mlango ukitazame juani na kivulini. Ukilinganisha rangi ikiwa mbichi kwenye kopo unajidanganya.

Maandalizi. Fenda mpya inakuja na rangi nyeusi, wengine wanadhani ndo praima (rangi ya chini ya kushikisha) wanapiga rangi juu yake hivohivo. Jaribu hivi, lowesha kitambaa na thina, sugua sehemu moja nusu dakika hivi. Kitambaa kikitoka kisafi basi ni praima nzuri iliyoshika, ioshe na sabuni, ipige msasa namba 320 au 400 mpaka ipoteze mng'ao, endelea. Kitambaa kikitoka cheusi na bati likaanza kuonekana, ile ni rangi ya kusafiria tu, itoe yote mpaka bati. Ya shemeji ilitoka nyeusi kama masizi ya sufuria.

Na ukishafika kwenye bati tupu kwa mji huu huna anasa ya kulala. Bati ukiliacha jioni uchi, asubuhi lina unga wa njano, upepo wa bahari hauna likizo. Piga praima ya epoksi siku hiyohiyo, na piga NDANI. Narudia ndani, upande ambao hamna mtu atauona, na zile kingo, na yale matundu uliyopanua kwa tupa. Fenda za hapa haziliwi kutokea nje, zinaliwa kutokea chini nyuma ya tairi pale tope na mchanga unapokaa nyuma ya ile plastiki, we unang'arisha nje kumbe ndani bati linageuka biskuti. Mi ndani baada ya praima kukauka napaka ile dawa nyeusi nzito ya chini ya gari, na naacha tundu la maji chini wazi. Fundi atakayekwambia ndani hamna haja huyo rangi yake ni kama wasemavyo kuhusu mji wetu, waja leo waondoka leo.

Puti (ule udongo wa kujazia mabonde) kama ipo basi ya kulainisha tu, isizidi milimita 3, na kwenye bampa usitumie puti ya bati, itadondoka kama ganda la yai, kuna yake ya plastiki inayopinda.

Bampa mpya ina mafuta ya kwenye kalibu ya kiwandani, hayaonekani ila yapo. Ioshe na maji ya moto na sabuni ya vyombo, isugue na ile sponji ngumu ya msasa mpaka kwenye kona za shoo (ule wavu wa mbele) na matundu ya taa za ukungu, alafu mwagia maji safi. Maji yakitandaa kama shuka ni safi, yakijikusanya matone kama kwenye jani la mgomba rudia kuosha. Ikikauka ndo unapiga praima ya plastiki, tabaka jembamba sana, na unafata muda ulioandikwa kwenye kopo. Ukiruka hii praima, rangi itatoka vipande vikubwa siku ya kwanza unaosha gari kwa mashine, nimeona mtu anachuna bampa yake kama anamenya ndizi.

Juu ya epoksi kwenye fenda napiga praima ya kujaza tabaka mbili tatu, ikikauka napulizia rangi nyeusi kidogo sana kwa mbali, vumbi tu, alafu nasugua na msasa wa maji namba 600 uliokunjwa kwenye kipande cha mpira mgumu. Palipobaki weusi ndo pana bonde. Kwa silva malizia na 800, silva inaonyesha kila mkwaruzo.

Siku ya rangi chagua. Masika usijaribu kama huna chumba. Asubuhi mapema umande bado, alasiri upepo wa baharini unaleta mchanga na kila kitu, kwaiyo mi dirisha langu ni saa nne mpaka saa sita. Mwagia sakafu maji vumbi lilale. Fungua koki ya chini ya kompresa utoe maji, kwa hewa ya huku utashangaa yanatoka kikombe kizima, na weka chujio la maji kwenye mpira karibu na bunduki. Fukuza kuku.

Na barakoa jamani. Hadna (dawa ya kugandisha) ya rangi za 2K, zile za kuchanganya vitu viwili, ina kemikali inaitwa isosayaneti, inashika mapafu, mtu anaweza kupata pumu ya maisha, na huisikii harufu yake mpaka umeshavuta nyingi. Kitambaa puani sio kinga, wala zile barakoa za korona. Tafuta ile ya mpira yenye vichujio viwili vya kemikali pembeni, iwe imebana usoni kisawasawa, na vaa miwani na mikono mirefu. Watoto na wagonjwa wa pumu watoke kabisa uani, siku hiyo mama namwambia mapema "mama leo kafulie kwa shangazi".

Uwiano wa kuchanganya soma kopo, klia nyingi ni 2 kwa 1 ya hadna lakini sio zote. Thina nunua ya polepole, ya kazi za joto. Wengine wanatumia thina ya bei chee ya haraka, inanyonya unyevu wa hewa rangi inapata ukungu mweupe kama kyoo cha bafuni, hapo sio rangi mbaya ni thina. Bunduki ya tundu la milimita 1.3 au 1.4, presha kama ba 2, mkono uwe sentimita 15 mpaka 20 toka kwenye bati, unatembea sambamba bila kupinda kiwiko kama unapunga feni, kila mpito ulale nusu juu ya ule uliopita, na uanze kubonyeza kabla hujafika kwenye bati uachie ukishalivuka.

Kingo za fenda na ndani zipige ikiwa chini, alafu ifunge kwenye gari kwa zile alama zako ndo upige nje. Kwa silva hii ni lazima, zile chembe za bati ndani ya rangi zinalala kutegemea kitu kimesimama vipi, fenda ukiipiga imelala juu ya meza na mlango umesimama, zitakuwa silva mbili tofauti hata kama zimetoka kopo moja. Na siri ya kufanya tofauti isionekane, rangi usiikate kwenye mstari wa mlango. Mlango upige msasa laini wote, rangi iingie mlangoni kidogo ikififia kabla ya kufika kati, alafu klia ipige mlango mzima. Jicho halipati pa kushika. Bampa haina jirani wa kuingilia hivyo, na ni plastiki, hata za kiwandani huwa zinapishana kidogo na bodi.

Beisi (yani rangi yenyewe kabla ya klia) tabaka mbili mpaka tatu, subiri kama dakika 10 mpaka 15 katikati mpaka ififie, ya mwisho kwa silva rudi nyuma kidogo upulize kavu isiwe na mabaka. Klia ya kwanza nyepesi, subiri, ya pili ndo uijaze. Hapa ndo roho inapimwa, ukiogopa inakua kama ganda la chungwa la Muheza, ukitia tamaa inatoa machozi. Bora chungwa, litasuguliwa kesho, chozi ni kazi. Ukiona vishimo vya duara vinafunguka kama rangi inakimbia kitu, kuna mafuta au silikoni, mara nyingi polishi ya zamani ya kwenye mlango au mafuta ya kompresa, acha, usiongeze rangi juu, ikauke usugue urudie. Ya shemeji ilipata mawili mlangoni karibu na kitasa, nadhani ni mafuta ya mikono ya watu, mi mwenyewe nikiwemo.

Kesho yake au baada ya siku mbili, msasa wa maji 1500 alafu 2000, alafu kompaundi (dawa ya kung'arisha), na usisugue kwenye kingo, klia pale ni nyembamba utafika kwenye beisi kabla hujashtuka. Funga taa, funga bampa mwisho, bolti zipake grisi kidogo, na usiku washa taa mbele ya ukuta uone mwanga haujaelekea juu ya minazi.

Hapo tumebaki na rangi ileile. Ila kama umeamua kubadili rangi ya gari zima, kumbuka kadi ya gari ina rangi imeandikwa, nenda TRA ukabadilishe kabla trafiki hajakuuliza.

Shemeji alikuja Jumapili, Lushoto alishaenda na basi na hasira zilishaisha. Akazunguka gari mara mbili, akaniuliza "kwaiyo ni mlango upi uliogusa?" nikamwacha atafute. Nilichomwambia ni mwezi mzima asipake waksi, asioshe kwa sabuni kali, na asiegeshe chini ya ile mikungu ya Raskazone maana kunguru wa kule wakikuachia zawadi juu ya klia mbichi na jua likaipiga mpaka jioni, doa lile halitoki, kwaiyo atembee na chupa ya maji na kitambaa laini kwenye gari, amwagie kwanza ilainike ndo afute, sio kukwangua kwa kucha kama nlivomkuta anafanya siku ya tatu.